Ngome ya Mombasa Ni Kazi ya Nani?

Katika mji huu wa Mvita, ambao wenyeji wake hawakosi la kubishania tangu bei ya samaki hadi nasaba za koo, liko suala moja ambalo mabishano yake yamevuka bahari yakaingia katika vitabu vya Wareno, Wataliani na Waingereza, nalo ni hili: ngome ile kubwa isimamayo ukingoni mwa Mji wa Kale, ikiukabili mlango wa bandari ya zamani, sifa ya kuibuni ni ya nani? Jawabu jepesi lipo, na limepigwa muhuri. Shirika la UNESCO lilipoiingiza Ngome ya Yesu katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011 lilimtaja mtu mmoja tu, Giovanni Battista Cairati, mzaliwa wa Milano, ambaye Wareno walimwita João Batista Cairato. Jawabu hilo si la uongo, ila ni fupi kuliko swali lenyewe, na mtu mwenye insafu akilichunguza ataona kuwa ndani yake mmefichwa madai ya watu wengi, wengine wenye haki kubwa, wengine wenye kelele tu.

Mabishano ya namna hii yana wenzake duniani, na wenzake wa karibu kabisa, ajabu iliyoje, wamo katika mchezo wa gofu. Apitaye barabara ya Mama Ngina huuona uwanja wa Mombasa Golf Club, klabu iliyoanzishwa mwaka 1911, umelala juu ya jabali la bahari. Basi mwaka uo huo, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, klabu iitwayo Merion ilikuwa ikipima na kuotesha majani katika uwanja wake wa Mashariki, uliofunguliwa mwaka 1912 na ambao leo ni miongoni mwa viwanja vyenye heshima kubwa katika mchezo huo. Kwa miaka mingi sifa ya kuubuni uwanja huo alipewa mwanachama mmoja, Hugh Wilson, na ikasimuliwa kwamba mwaka 1910 alitumwa Uingereza na Uskoti akatazame viwanja vya huko, kisha akarudi na elimu aliyoitumia nyumbani. Hata orodha za abiria wa meli zilipokuja kufukuliwa, zikaonyesha kuwa safari ile aliifunga mwaka 1912, uwanja ukiwa umekwisha kupimwa na kuoteshwa. Hapo wakajitokeza wa kumtetea Charles Blair Macdonald, bingwa ambaye klabu ilimwomba shauri, wakasema kuwa ubunifu ni wake. Na watetezi wa Wilson wakajibu kwamba kutoa shauri siko kubuni, na kwamba kosa la tarehe ya safari halimwondolei mtu kazi aliyoisimamia kwa macho yake na miguu yake.

Nimeyaleta ya Merion kwa sababu yanafundisha jinsi watu wanne wanavyochanganywa wakawa mmoja: aliyeamuru kazi ifanywe, aliyeichora, aliyeisimamia ikasimama, na aliyekuja baadaye akaigeuza. Kila mmoja hudaiwa kuwa ndiye mbunifu, na kila mtetezi huchagua maana ya ubunifu inayomfaa mtu wake. Mimi kipimo changu katika uchambuzi huu ni kimoja, nacho ni kuuliza: ni nani aliyekata uamuzi ambao wote waliomfuata walilazimika kuufuata, wapende wasipende? Huyo, hata kama jina lake halikuandikwa popote, ndiye mwenye sifa.

Tuanze na Cairati, maadamu yeye ndiye mwenye jina kubwa. Wareno waliipiga Mombasa mara kadhaa katika karne ya kumi na sita, lakini hawakuona haja ya kukaa. Makao yao katika pwani hii yalikuwa Malindi, kwa rafiki yao Sultani. Kilichowabadilisha nia ni Amir Ali Bey, nahodha wa Kituruki aliyeshuka pwani mara mbili, 1585 na 1588, akapokewa vyema na watu wa miji mingi, Mombasa ikiwa mbele, hata Goa, makao makuu ya Wareno huko India, ikaingiwa na hofu kwamba njia ya bahari ya India itakatwa. Mwaka 1589 manowari za Tomé de Sousa Coutinho zikamkamata Ali Bey hapa hapa Mombasa, wakati Wazimba, wapiganaji waliotoka bara, nao wakiwa ng'ambo ya kivuko wakingojea zamu yao, na mji ukaangamia kati ya pande mbili. Baada ya hapo ikaamuliwa kwamba kisiwa kijengewe ngome, na ngome ikawekwa wakfu kwa jina la Yesu tarehe 11 Aprili 1593. Cairati wakati huo alikuwa msanifu mkuu wa mfalme katika milki zote za Wareno za mashariki, na kazi ya Mombasa ikawa miongoni mwa za mwisho maishani mwake, kwani alifariki Goa mwaka 1596.

Alichokileta mtu huyu ni elimu ambayo haikuwako pwani. Kabla ya mizinga, ukuta mrefu ulikuwa kinga. Baada ya mizinga, ukuta mrefu ukawa shabaha. Kwa hiyo wajenzi wa Italia, ambao miji yao ilikuwa ikipigwa mizinga kizazi baada ya kizazi, waliufupisha ukuta, wakaunenepesha, wakaulaza nyuma kidogo, wakajaza udongo na kifusi ndani yake ili tufe likizama lizame bila kupasua, na penye pembe wakatokeza buruji zenye ncha, ili askari aliye katika buruji moja aweze kupiga risasi ubavuni mwa ukuta wa pili na adui asipate mahali pa kujibanza. Ukisimama leo upande wa nchi kavu, ukazitazama buruji mbili za São Filipe na São Alberto, utaona mbavu zake zinazotazamana zimekunjwa kuingia ndani, na katika mikunjo hiyo mizinga ilikaa imefichika, ikiusubiri mguu wa mshambuliaji ufike chini ya ukuta. Hilo ni wazo la mtu aliyesoma hesabu ya pembe. Halikutokea kwa bahati, wala halikutolewa katika desturi ya ujenzi wa Malindi au Pate.

Lakini hata Cairati mwenyewe ana watu wanaomgombea. Wataliani husema ni wao, kwa kuwa ni wa Milano. Wareno husema kazi ni yao, kwa kuwa alikuwa akila mshahara wa Goa. Na ukitaka kuwa mshindani mkali waweza kuwatia Wahispania pia, kwani mfalme aliyeitawala Ureno wakati huo, na Milano vilevile, alikuwa Felipe wa Pili wa Hispania. Ugomvi huu sioni kama una faida kwetu, na tuupite.

Tusilolipita upesi ni lile la umbo la mwanadamu. Waongozaji wa watalii humwambia mgeni kwamba ngome, ikitazamwa kutoka juu, ni mtu aliyelala chali, na hati za UNESCO nazo zaeleza kwamba ramani yake inafuata fikra ya wanazuoni wa Italia wa zama zile kuwa uzuri wa jengo hutokana na vipimo vya mwili wa binadamu. Fikra hiyo kweli ilikuwako: Francesco di Giorgio Martini, miaka mia moja kabla ya Cairati, alichora ngome juu ya kiwiliwili cha mtu, kichwa na viungo vyote vikiwa na kazi yake. Hata hivyo, mtu huyo wa Mombasa mimi huona taabu kumwona. Kila mkunjo uliomo upande wa nchi kavu waelezeka kwa mizinga, na ile sehemu ya mbele iliyochomoza kuielekea bahari, ambayo hutajwa kuwa kichwa, yaelezeka kwa jabali lenyewe na kwa haja ya kuwa na njia ya kupokea watu na shehena kutoka majini bila kupita mjini. Jambo likiisha kuelezwa na sababu mbili za dhahiri, kuliongezea ya tatu ya kifalsafa ni ukarimu kwa msanifu, na ukarimu haukatazwi, ila hauhesabiwi kuwa ushahidi.

Sasa wakubwa. Hao walijihadhari mapema wasisahauliwe, na hila yao ilikuwa ya adabu: majina ya watakatifu waliyozipa buruji nne yaliafikiana na majina ya wenye amri. São Filipe ni jina la mfalme. São Alberto ni la Kadinali Alberto, aliyeitawala Ureno kwa niaba ya mfalme huyo. São Matias ni la Matias de Albuquerque, naibu wa mfalme huko Goa. São Mateus ni la Mateus Mendes de Vasconcelos, jemadari wa pwani aliyehamishwa kutoka Malindi akaja kuwa mkuu wa kwanza wa ngome. Pembe nne, wakubwa wanne, na msanifu hana hata pembe moja. Wala tusiwacheke sana Wareno, kwa kuwa sisi nasi tuna desturi hiyo: humu Mji wa Kale Msikiti wa Mandhry, ambao kwa mapokeo ni wa mwaka 1570, na Msikiti wa Basheikh, yote huitwa kwa ukoo, na fundi aliyeusimamisha mnara, ambao watu wa leo waja kuupiga picha kwa ule wembamba wake wa juu na unene wa chini, hatajwi.

Miongoni mwa wanne hao nampa haki Vasconcelos peke yake, na haki yake si ya jina. Ngome ikiwa haina mahali haina maana, na mahali palipochaguliwa, juu ya mgongo wa mwamba wa matumbawe uliotokeza baharini, ndipo palipoamua karibu kila kitu: kimo cha kuta, upana wa uwanja wa ndani, na handaki ambalo halikuchimbwa katika mchanga bali lilichongwa katika mwamba wenyewe, kiasi kwamba chini ya kuta mwamba na ukuta ni kitu kimoja. Jemadari wa pwani, aliyeujua mlango wa bandari kwa kuingia na kutoka, ndiye aliyekuwa na elimu ya mahali hapo. Mchoro wa Cairati uliinama mbele ya jabali, na ulipoinama ndipo ulipopata sura yake.

Mwenye kelele kuliko wote ni Francisco de Seixas Cabreira. Hadithi yake inaanza kwa mtu mwingine, Yusuf bin Hassan, mwana wa Sultani aliyeuawa, ambaye Wareno walimlea Goa, wakambatiza jina la Jerónimo Chingulia, wakamrudisha awe mfalme wa Mombasa kwa ajili yao. Agosti 1631 akaingia ngomeni, akamuua mkuu wake, Pedro Leitão de Gamboa, akarudi katika Uislamu, na mwaka uliofuata manowari zilizotumwa kumwadhibu zikashindwa. Kisha yeye mwenyewe akaihama ngome baada ya kuiharibu. Wareno wakarudi wakakuta maganda. Cabreira, alipofanywa mkuu, akatengeneza palipobomoka, akajenga nyumba ya walinzi penye lango, na juu ya lango akatia jiwe liutajalo mwaka 1635, ambalo lipo hadi leo. Jiwe hilo linastahili kusomwa polepole, kwa sababu halina haya: lataja kwamba alipewa ukuu wa ngome kwa miaka minne akiwa na umri wa miaka 27, kwamba yeye ndiye aliyeijenga upya, kisha laendelea kuhesabu watu wa pwani aliowatia chini ya kodi, na Pate na Siu alizoziadhibu kwa kubomoa kuta za miji. Mgeni asiyejua, akisimama langoni akayasoma hayo, ataondoka akiamini kuwa ngome ni ya kijana huyo. Walakini ramani zilizomo katika kitabu cha António Bocarro cha mwaka 1635, zilizochorwa na Pedro Barreto de Resende, zaonyesha ngome katika mpango ule ule wa buruji nne. Cabreira alitengeneza, hakubuni. Jiwe lake ni ushahidi wa jambo moja tu lisilo na shaka, yaani kwamba alikuwa na jiwe na mchongaji.

Na huyo mchongaji je? Hapa ndipo penye deni kubwa zaidi, na ndipo ninapotaka kukawia. Habari za ujenzi zatuambia kwamba waashi waliletwa kutoka India na wafanyakazi wakatoka Malindi. Basi waliikuta pwani ambayo ilikuwa ikijenga kwa mawe ya matumbawe tangu karne nyingi. Husuni Kubwa ya Kilwa ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka mia mbili na nusu, na Gedi, karibu na Malindi, ilikuwa mji mzima wa mawe, wenye misikiti, visima na nyumba za vyoo vya ndani. Jiwe la pwani ni la namna mbili. Liko lile gumu la nchi kavu, ambalo ni mwamba wa zamani uliojaa makombe na mabaki ya wanyama wa bahari, hilo huvunjwa vipande na kupangwa ukutani. Na liko lile laini la baharini, ambalo hukatwa likiwa bichi na kuchongwa kabla halijakauka, kwani likikauka hukataa tindo. Fundi asiyejua tofauti hiyo hupoteza siku na jiwe pamoja. Kisha kuna chokaa: magogo hupangwa kwa duara kama kitanda, matumbawe yakatandazwa juu yake, moto ukawashwa kati, na yakiisha kuungua humwagiwa maji yakavimba na kuwa unga, halafu yakaachwa muda mrefu yapoe ukali wake kabla ya kuchanganywa na mchanga. Chokaa iliyoharakishwa hupasuka ukutani.

Hakuna mchoro wa Milano uliokuwa na habari hizi. Cairati na walimu wake walizizoea kuta za matofali na udongo. Uamuzi wa jiwe gani liende wapi, kiungo kiwe kinene kadiri gani, na mwamba ukatwe kwa mteremko gani usimomonyoke, ulikatwa na watu wenye timazi na mwiko mikononi. Sogea karibu na uso wa handaki, mahali ambapo lipu haikufika, utaona makombe yaliyoganda ndani ya mwamba yamekatwa katikati, nusu imebaki na nusu imekwenda na tindo, na juu yake, bila mstari ulio wazi, waanza ukuta uliojengwa. Kuunganisha hivyo, ukuta usijulikane ulipoanzia, ni ubunifu wa aina yake. Nao unakidhi kipimo changu, kwa kuwa kila aliyekuja baadaye, awe Mreno, Mwomani au Mzungu wa magereza, alijenga juu yake kwa jiwe lile lile na chokaa ile ile.

Waomani na Mazrui wana haki yao, na haki hiyo hupunguzwa na vitabu vya Ulaya kwa mazoea, si kwa hoja. Majeshi ya Imam Saif bin Sultan yaliizingira ngome kuanzia Machi 1696, na mzingiro huo, wenye njaa na maradhi kuliko risasi, ukaisha Desemba 1698. Wareno wakarudi kwa muda usiofika miaka miwili, 1728 hadi 1729, kisha wakaondolewa na wenye mji. Mwaka 1741 liwali Muhammad bin Uthman al-Mazrui alikataa kumtii mtawala mpya wa Oman, na tangu hapo hadi 1837 ngome ikawa makao ya watawala wa Kimazrui, ambao historia yao iliandikwa na mzao wao, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Katika zama hizo kuta ziliinuliwa, zikatobolewa matundu ya bunduki, vikatiwa vibanda vya walinzi pembeni, na juu ya buruji ya São Filipe ikajengwa nyumba ambayo leo huitwa Nyumba ya Waomani. Mtu atazamaye ngome kutoka baharini, akavutiwa na urefu wa kuta zake, anavutiwa na kazi ya Waomani na Mazrui. Cairati alizitaka kuta fupi.

Je, waliigeuza au waliiharibu? Wako wataalamu wasemao kuwa kuta ndefu zilikuwa kurudi nyuma katika elimu ya vita, na kwa vita vya Ulaya ni kweli. Lakini adui wa liwali hakuwa na jeshi lenye mizinga mikubwa ya kubomolea. Alikuwa na ngazi, bunduki, na pengine jamaa ndani ya mji. Kwa adui wa namna hiyo ukuta mrefu wenye matundu ndio hekima. Hata hivyo, kwa kipimo nilichokiweka, hawa nao hawakuweza kuzikwepa buruji nne wala mikunjo ya mbavu zake: waliinua juu ya mstari waliourithi. Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba ramani ni ya Cairati, sura ya ramani hiyo ni ya mwamba na ya aliyeuchagua, mwili ni wa waashi, na kimo ni cha Waomani na Mazrui. Na kibao kinachomtaja wa kwanza peke yake kimeandikwa robo.

Yuko mmoja tena ambaye hutajwa kama mtafiti tu, hali alikuwa zaidi ya hapo. Waingereza waliifanya ngome kuwa gereza tangu 1895 hadi 1958, wakaijaza majumba ya wafungwa. Kisha Taasisi ya Gulbenkian ya Lisboa ikatoa fedha za kuitengeneza, na James Kirkman akaichimba tangu 1958 hadi 1969, makumbusho yakafunguliwa mwaka 1962, na kitabu chake kikatoka 1974. Majengo mengi ya gereza yalivunjwa ili kuta za kale zionekane. Mtu aliyeamua tabaka lipi libaki na lipi liende amebuni kitu, japo kwa kuondoa. Na wafungwa wa miaka sitini na tatu, ambao wengi wao walikuwa watu wa mji huu na wa bara, wamebakiwa na alama chache mno kuliko askari wa Kireno waliochora merikebu kwa makaa na udongo mwekundu katika ukuta mmoja wa ngome, ambao michoro yao imehifadhiwa. Sisemi Kirkman alikosea, kwani gereza halikuwa zuri wala halikupendwa na mtu. Nasema tu kwamba fedha zilitoka Lisboa na zama zilizosafishwa zikadhihiri zaidi ni za Lisboa.

Upande wa bahari nao sasa una mkono mpya. Mawimbi yalikuwa yakiula mwamba chini ya ngome mwaka hata mwaka, na mwishoni mwa miaka ya 2010 ukajengwa ukuta wa kuyazuia, jambo lililozua maneno mengi mjini, wengine wakiuona ni uhai wa ngome, wengine wakilia kwamba uso wake wa baharini, ambao ulikuwa jabali tupu tangu siku ya Vasconcelos, umefunikwa. Wahandisi waliouchora hawatajwi katika kibao chochote cha historia ya ngome. Lakini ukuta huo umekwisha kuamua mahali bahari itakapoishia, na yeyote atakayekuja kutengeneza upande ule itambidi aanzie hapo.